Mtu Aliyekataa Kikwapa

Mwanangu Miza,

Salamu nimekupa kwa mdomo tangu asubuhi, na nyingine nitakupa kesho gatini mbele za watu, kwa hiyo hapa nazipita. Umekwenda Kidichi kumuaga bibi yako na hutarudi kabla ya magharibi. Mimi nimejifungia chumbani, karatasi iko juu ya meza ya cherehani, na kalamu naikandamiza mpaka inatoboa. Usidhani ni huzuni. Huzuni nimeiweka kando, itapata nafasi yake meli ikishaondoka. Hii ni hasira.

Mambo ya kula na kulala na kuchagua marafiki nimekwambia miaka yote, na miaka yote umenitazama kama mtu anayesubiri mvua ipite. Yatosha. Nataka kukwambia habari za Bwana Faraji, mkuu wa msafara wenu. Hapa Unguja hakuna mtu ninayemchukia kama yeye. Nataka alipe alichonifanyia. Na leo mchana, hapa hapa mlangoni kwetu, nimegundua kwamba amejiandaa kukufanyia na wewe.

Najua hapo umeshusha pumzi. Kila nikimtaja Bwana Faraji wewe hukumbuka ghafla nguo ulizoanika. Lakini barua hii naitia sandukuni mwako, utaifungua ukiwa mbali na kamba ya nguo, na utaisoma mpaka mwisho.

Unaikumbuka siku uliyorudi kutoka mkutano wa ofisini kwenu ukiwa umenuna? Nilikuwa nimepika ndizi kwa samaki. Ulinieleza mambo mengi, nami nilielewa kuliko ulivyodhani. Ulisema Dar es Salaam kuna mashine kubwa ya kuhesabu, mnaiita kompyuta, inayolishwa kadi zenye matundu. Nyinyi vijana mnapelekwa mkajifunze kuiandikia maagizo, hiyo programu yenu, ili iwe inahesabu karafuu za vituo vyote vya Unguja, nani kaleta, uzito gani, wapi. Ukasema kuna njia mbili za kuifanya kazi hiyo. Moja ni kuandika kila kitu kwanza, mwanzo mpaka mwisho, kukifunga, kutoboa kadi zote, kisha siku ya sherehe mashine inawashwa mbele ya wakubwa. Ya pili, ambayo wewe uliipendekeza, ni kuanza na kituo kimoja tu. Mnaandika kidogo, mnaijaribu mashine, mnawaonyesha wapima karafuu wenyewe majibu yake, wao wanasema hapa sivyo, mnarekebisha, ndipo mnaongeza kituo kingine.

"Bwana Faraji kasemaje?" nikakuuliza.

"Kasema kazi ya serikali haijaribiwi, mama. Inafanywa."

Nikaliweka tonge chini. Ukaniuliza kama ulikosea kusema mbele ya wakubwa, nikakujibu ule, chakula kinapoa. Maneno hayo hayo, kwa mpangilio huo huo, niliwahi kuambiwa mimi nikiwa nimeshika mkasi.

Wewe kisa hiki unakijua kwa upande wako, na upande wako ndio uliokuuma. Sasa usikie upande wangu.

Baada ya Mapinduzi mafundi tulikusanywa, waliokuwa wakishona majumbani na waliokuwa na vijiduka, tukatiwa katika kiwanda kimoja cha ushoni. Sikulalamika. Nilipenda kukaa na wenzangu, kupiga soga huku cherehani zinalia. Nikafanywa mkataji kwa sababu mkono wangu haukuwa ukipoteza kitambaa. Bwana Faraji aliletwa kuwa mkuu wetu. Maishani mwake hakuwa ameshona hata kifungo, lakini alikuwa na sauti nzuri na alijua kuwapanga watu mstari.

Ikaja kazi ya halaiki, mashati ya manjano ya watoto wa skuli watakaocheza uwanjani siku ya sherehe. Bwana Faraji akampima mtoto mmoja wa umbo la katikati, kasimama wima, mikono kaibana mbavuni kama askari. Akachora. Akatupangia kazi: mashati yote yakatwe kwanza, yakishakatwa yote ndipo yashonwe yote, halafu vifungo, halafu pasi. Hatua ikipita, hakuna kuirudia.

Nikamwambia, "Bwana, tushone moja kwanza. Tulipige bandi tu, tumvishe mtoto, tumwambie acheze."

Bandi unaijua, ule mshono mrefu wa mkono wa kushikiza nguo kwa muda, ambao ukivuta uzi mmoja unafumuka wote. Nilichotaka ni hicho tu, shati moja la bandi na mtoto mmoja wa kucheza nalo. Na tena nikamwonyesha kwamba mchoro wake hauna kikwapa, kile kipande kidogo cha pembe nne kinachotiwa chini ya mkono, pale mkono unapokutana na ubavu. Kanzu yoyote hapa mjini ina badani mbele na nyuma, ina taharizi za ubavuni, na ina kikwapa. Bila hicho mtu akinyanyua mkono, ama nguo yote inapanda naye ama inachanika.

Akacheka. "Kikwapa mambo ya kanzu za wazee hayo, Bi Riziki. Haya mashati ya kisasa. Na kitambaa cha vikwapa vyote hivyo utakitoa wapi?"

"Halaiki ni kunyanyua mikono, bwana."

"Kazi ya serikali haijaribiwi. Inafanywa. Kata."

Nikakata. Hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo, kwamba mkasi ulikuwa mkononi mwangu. Ningeweza kuuweka mezani. Lakini baba yako alikuwa ameshafariki, nilikuwa na wewe wa kulisha, nikajiambia mkubwa ameshaamua, mimi nani. Nikakata kitambaa chote kile cha manjano huku najua.

Siku ya sherehe nilikaa na akina mama wengine. Wewe ulikuwa mstari wa mbele kwa sababu ulikuwa mchezaji mzuri, na mimi nilikuwa nimeshaanza kumwonyesha jirani yangu kwa kidole, yule pale, yule wangu. Ngoma ikapigwa, mkanyanyua mikono wote kwa pamoja, na shati lako likafunguka kutoka kwapani mpaka kiunoni. Mengine yalichanika pia, lakini wewe ulikuwa mbele. Ukaubana mkono. Wenzako wanapepea vibendera, wewe umeubana mkono. Wenzako wanageuka, wewe umeubana mkono, na mstari wote nyuma yako ukavurugika. Kesho yake mwalimu alikuadhibu, na skuli nzima ikakupa jina. Kikwapa. Na kwa kuwa neno hilo hilo ndilo la harufu ya jasho la kwapa, kila ulipopita waliziba pua. Ulikuwa unaoga mpaka ngozi inapauka. Ulidhani sikuoni ukijinusa mkono wa gauni kabla ya kutoka mlangoni. Nilikuona, mwanangu, kila asubuhi, mpaka siku uliyomaliza skuli.

Kiwandani ukaitishwa mkutano. Mkubwa mmoja alikuja kuuliza kilichotokea. Bwana Faraji akasimama na ile sauti yake nzuri. "Mchoro ulikuwa sawa. Kosa liko kwenye kukata. Mkataji wetu ni Bi Riziki." Basi, akakaa. Wenzangu wote walikuwepo siku niliyomwomba tushone moja kwanza, na wote wakawa wanatazama miguu yao. Nikaondolewa mezani, nikapewa ufagio nizoe vipande vya manjano. Nikavizoa mpaka kiwanda kikawa safi, nikauegesha ufagio mlangoni, na sikukanyaga tena pale kwa kazi. Yeye hakufukuzwa. Alihamishwa, akapelekwa bohari, kutoka bohari akaja huko kwenu penye karafuu. Watu wa aina yake wakiharibu huhamishwa tu, na kila wakihamishwa hupanda.

Sitaki uelewe kwamba njia yako ndiyo njia ya kila kazi. Hasira haijanipofusha kiasi hicho. Unajua kwamba mtaa huu mwanamke akifariki huja kuitwa mimi nikakate sanda. Sanda haijaribiwi. Vipande vyake vinajulikana, kinachotangulia kinajulikana na kinachofuata kinajulikana, unakata, unafukiza, unamaliza. Fundi akianza kujaribu na kufumua sanda mbele ya wafiwa, nitamtoa nje mwenyewe. Na kitambaa cha harusi cha watu, kile kilichotumwa na mjomba kutoka ng'ambo na hakuna kingine, nacho nakaa nacho siku nzima nakitazama tu kabla ya kukigusa.

Mimi kabla ya kushika mkasi hujiuliza, nikikosea, kitafumulika? Kama kitafumulika, nakipiga bandi, namvisha mtu, nafumua, narudia tena, wala sioni haya. Kama hakifumuliki, naamua yote kwanza. Sasa hayo maagizo yenu ya mashine, kwa ulivyonieleza, mengi yanafumulika. Kadi ikikosewa inatobolewa nyingine. Hapo njia yako ni sawa. Lakini majina ya wakulima je? Juma Khamis Juma wako wangapi katika kisiwa hiki? Mkianza kutoboa kadi kabla hamjakubaliana mtamtambua vipi Juma Khamis Juma wa Kidichi na Juma Khamis Juma wa Makunduchi, mtamwandikia huyu karafuu za yule, naye ataoa mke wa pili kwa pesa za mwenzake, na ndoa hiyo huwezi kuifumua. Hilo kaeni kitako mliamue lote mwanzo, kabla ya kadi hata moja. Hapo Bwana Faraji ana haki. Inaniuma kuandika kwamba ana haki, nimeiandika kwa sababu yako tu.

Hata kisasi nilikiendea vibaya mara ya kwanza, na nakwambia mwenyewe usije ukakisikia kwa watu ukanicheka. Alipokuwa anahamishwa pale kiwandani walimfanyia hafla ya kumuaga, na sisi mafundi wa zamani tukaalikwa. Nikasema, leo. Nikatunga hotuba. Nikaipanga kama yeye anavyopanga kazi, kwanza hili, kisha hili, kisha hili, nikaihifadhi yote. Ilianza, "Bwana Faraji, unanikumbuka?" Akisema ndiyo, nina la kusema. Akisema hapana, nina la kusema zaidi. Sikumsomea mtu yeyote, hata Bi Mgeni jirani yetu, ambaye maisha yangu yote anayajua. Niliiona imetimia, haina pa kuguswa.

Nikavaa buibui langu zuri nikaenda. Ikafika zamu yetu kusogea mbele, na kabla sijafungua mdomo Bwana Faraji akanitia mkononi doti ya kanga. Alikuwa anawapa wanawake wote, hata hatutazami usoni, anatazama rundo la kanga linavyopungua. Hotuba yangu haikuwa na mahali pa kanga. Watu wananisubiri. Nikasema, "Ahsante." Nikarudi kukaa. Ningemsomea Bi Mgeni hotuba ile mara moja tu, angeniuliza, na akikupa zawadi je? Nilipomhadithia alicheka mpaka akashika ukuta. Kanga ile nafutia mafuta ya cherehani, kila siku, na kila nikifutia namtaja kwa jina.

Sasa nije kwenye leo.

Ulikuwa hujafika hata Bububu nikasikia hodi. Nikafungua. Bwana Faraji huyo, kanenepa, koti mkononi, jasho linamtiririka.

"Nnaambiwa hapa pana fundi mzuri," akasema. "Koti hili nlishonewa kiwandani, linanibana. Kesho nnasafiri na vijana wangu, na gatini watakuwepo wakubwa."

Alinitazama usoni, Miza, na hakunijua. Nilikuwa tayari kwa kila kitu isipokuwa hicho. Miaka yote hii nimelala na kuamka na jina lake, kumbe mimi kichwani mwake simo kabisa, hata kwa ubaya. Masikio yaliniwaka moto. Nikasema, "Karibu, bwana. Simama hapo mlangoni penye mwanga."

Mlango wetu unaujua, unatazama njia, na Bi Mgeni ng'ambo ya kichochoro alikuwa kibarazani kwake anakaanga bajia, wanunuzi wamemzunguka.

"Livae. Haya, nyanyua mikono."

Akanyanyua. Koti likapanda lote, kola ikamfika masikioni.

"Ehee!" akaita Bi Mgeni. "Hilo linataka kikwapa hilo, Bi Riziki!"

Wanawake wakaangua kicheko. Yeye akatabasamu nao, akidhani ni utani wa majirani. Hata jina langu, lililotajwa pale kwa sauti, halikumkumbusha kitu.

Nikamwambia aliache koti, aende, arudi adhuhuri. Akarudi. Nyanyua mikono. Nikatia alama za chaki, nikasema bado, bwana, rudi baada ya sala. Akarudi, jua limemwivisha uso. Nyanyua mikono. Kila alipokuja wanunuzi wa bajia walikuwa wameongezeka, na Bi Mgeni hakuwa akikaanga tena, amekaa tu na upawa wake anatazama. Nilijisikia vizuri, mwanangu. Sitakuficha. Miaka mingi sijajisikia vizuri namna ile.

"Fundi, mbona mara nyingi hivi?" akalalamika. "Mimi nlikuwa mkuu wa ushoni. Sisi tukipima mara moja tu, basi."

"Ndivyo nnavyoona hapa kwenye koti, bwana."

Mara ya mwisho nililijaza pini mabegani na ubavuni, nikamwambia asiteremshe mikono, zitamchoma. Akasimama vile vile kama aliyekamatwa. Nami, ili tu azidi kukaa mikono juu, nikamuuliza hao vijana wanakwenda kufanya nini.

"Kazi ya mashine, kazi kubwa hiyo. Nshaipanga yote. Itaandikwa mara moja, mwanzo mpaka mwisho."

"Na ikikosea?"

"Mimi si mtoto mdogo, fundi." Akacheka. "Nna kibinti kimoja pale, anaitwa Miza. Hodari, lakini mbishi, kila siku tujaribu kwanza, tujaribu kwanza. Huyo tukifika Dar nnampa ukuu wa kazi. Jina lake juu kabisa. Ikenda vizuri, msafara wangu. Ikiharibika, mkuu wa kazi si yupo?"

Watu hawamhesabu fundi kuwa ana masikio, hasa akiwa na pini mdomoni. Nilikuwa nazo mdomoni, na namshukuru Mungu, maana bila hizo ningeyamwaga yote pale mlangoni, naye angejua kwamba tumejua. Bi Mgeni aliacha kucheka. Aliinamisha kichwa akawa anakoroga unga ambao haukuhitaji kukorogwa.

"Una watoto, fundi?" akaniuliza Bwana Faraji, kwa wema kabisa.

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Kwa hiyo elewa kinachokungoja. Atakuita mbele ya wenzako, atakusifu kwa ile sauti, atakupa cheo. Utakuwa binti wa kwanza miongoni mwenu kupewa ukuu, na moyo wako utaruka, kwa sababu umewahi kuwa mbele ukaaibishwa na hapa unarudishwa mbele. Mimi ukataji nilipewa vile vile, mbele za watu, na nilifurahi vile vile. Anachokupa ni mkasi wa kushika ili baadaye aseme nani alikata.

Usikatae papo hapo, na usikubali bila sharti. Sema hapo hapo walipo wote, kwa heshima zako zote, "Nakubali, bwana, ila tuanze na kituo kimoja, na majibu yake uyasome wewe mwenyewe mbele ya wapima karafuu." Sema kwa sauti. Akikubali, basi kila mkishona kipande, mwite. Mwite asimame ayasome, yakiwa yamekosea mwambie hapa pamekosea, tumefumua, rudi kesho. Mwite tena. Mchoshe. Asipate siku moja ya kujificha nyuma ya mchoro wake mpaka mwisho uje. Wewe utasema ndiyo njia nzuri ya kufanya kazi ile, na ni kweli, hata wapima karafuu watakushukuru. Mimi nitakaa hapa nikijua kwamba kila mara unamnyanyulisha mikono.

Akikataa, kirudishe cheo chake hapo hapo, wote wakisikia. Watasema una kiburi. Mimi nilikuwa mpole, na upole wangu ulikuvisha shati lile. Mimi nataka uwe na kiburi.

Sasa limebaki koti.

Alipoondoka mara ile ya mwisho nilikaa nalo. Nimetia vikwapa viwili, kitambaa kinachofanana kabisa, kazi ambayo hata mimi mwenyewe nimeipenda. Bega la kulia nimelishona kwa cherehani, mshono mara mbili, halitaachia mpaka nguo yenyewe ioze. Bega la kushoto nimelipiga bandi. Bandi fupi fupi, uzi mweusi, kwa macho huijui. Nikapiga pasi. Alipokuja kulichukua akalivaa, likamkaa kama kazaliwa nalo, akaanza mwenyewe kunyanyua mikono ili ajaribu.

"Basi, bwana, inatosha," nikamwambia. "Nshakunyanyulisha leo mpaka naona haya. Na kesho gatini usipunge mkono. Mtu mkubwa hapungi, huinamisha kichwa tu."

Neno hilo lilimpendeza sana. Alijaribu kuinamisha kichwa pale pale mlangoni, mbele ya Bi Mgeni, na Bi Mgeni naye akamwinamishia.

Bandi ile itashika akikaa, akila, akitembea taratibu. Siku atakayosimama mbele ya wakubwa wa huko na kunyanyua mkono wa kushoto kuwaonyesha mashine yake, haitashika. Itafunguka kutoka begani mpaka mbavuni, na hakuna mkataji wa kumsingizia, maana mimi niko huku na hata jina langu halimkai kichwani.

Ila wewe utakuwepo. Katika sanduku lako, ndani ya kitambaa cheupe, nimekutilia sindano na uzi mweusi. Kushona unajua japokuwa hupendi. Akikusikiliza mbele ya watu, mwambie fundi wa mtaa huu wa Malindi alisahau sehemu, akupe koti, na uketi ulimalizie bega lile vizuri kama nilivyokufundisha. Asipokusikiliza, sindano iache ilipo. Sikuamrishi. Nimekaa na jambo hili tangu alasiri, nimelipima, na nimeona mimi siwezi kuliamua peke yangu, kwa sababu shati lililochanika lilikuwa mwilini mwako.

Kwa ajili yako namwomba Mungu amfungue masikio Bwana Faraji, akusikilize, kazi yako isimame, na bega lile lishike. Nimeomba hivyo baada ya alasiri, mikono yote miwili, kwa moyo. Halafu nilipokuwa nakunja mkeka nikagundua naomba kinyume chake. Naomba asikusikilize hata kidogo. Naomba lichanike mbele ya kila mtu, na watu wazibe pua. Mungu anisamehe, dua ya pili ilikuja upesi kuliko ya kwanza.

Usiniandikie ulivyoamua. Barua hupita mikono ya watu, na mimi sitaki kusoma jambo hilo kwenye karatasi. Siku mtakayorudi nitakuja gatini mapema nisimame mbele kabisa, na usinilaumu nikichelewa kukukumbatia. Nitamtafuta yeye kwanza, nione kama koti lile liko mwilini, na kama anapunga mkono.

Mama yako,
Riziki